Nilivyomwandika Tabitha Kuwa Amekataa

Mkifika nyumbani kwa mgonjwa, msishuke kwenye pikipiki mkiwa mmeshika karatasi. Karatasi ikae kwenye mkoba. Salimieni kwanza, wakubwa shikamoo, ulizeni habari za mvua na za alizeti, kalieni kigoda mtakachopewa hata kama kinayumba. Mtu akiona karatasi kabla hajasalimiwa anajua umeleta kesi, na mgonjwa uliyemfuata atatolewa kwa mlango wa nyuma.

Mimi yalinikuta Iguguno. Nilishuka na fomu mkononi na koti langu jeupe. Mama mwenye nyumba aliponiona tu akaita watoto wote, wake na wa jirani, akawapanga mstari na kuwakunjia mikono ya mashati. Alidhani nimeleta chanjo. Wawili walishaanza kulia. Mpaka nieleze kwamba nimemfuata mkwe wake aliyefanyiwa upasuaji wa titi, mkwe alikuwa ameshapotelea shambani, na sikumpata hadi wiki ya tatu.

Hicho ndicho kisa ninachopenda kusimulia, kwa sababu kinachekesha. Lakini juzi nilipoitwa kuzungumza na ninyi mnaoanza kazi hii, nilikisimulia, mkacheka, muda ukaisha, nikarudi nyumbani kwangu Singida Mjini. Kisa nilichopaswa kuwaambia sikukisema. Nimeamua kukiandika.

Niliuguza wodini miaka mingi kabla ya kuhamishiwa kwenye utafiti wa saratani ya matiti. Ndugu zangu walifikiri nitashinda na darubini. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kutembea. Tulitaka kujua jambo moja: mwanamke wa mkoa wetu akigundulika ana saratani ya titi, matibabu anayafikisha mwisho? Asipoyafikisha, ameishia wapi na kwa nini? Mtu alipokuja na uvimbe, alichukuliwa kinyama kwa sindano, kinyama kikapelekwa maabara ya mbali, majibu yakarudi baada ya wiki kadhaa. Majibu ndiyo yaliyosema ni saratani au siyo, na kama ni saratani, ni ya aina gani na ianze kutibiwa kwa kisu, kwa dripu au kwa vidonge. Kazi yangu ilikuwa kuwaita watu majibu yakirudi, halafu kuwafuatilia.

Kila mgonjwa alikuwa na fomu, na mwisho wa fomu palikuwa na visanduku vinne. Anaendelea na matibabu. Amefariki. Hajulikani alipo. Amekataa matibabu. Unaweka alama kwenye kimoja, unatia sahihi, maisha ya mtu yamekaa sawa.

Faili zetu zilitunzwa na mzee mmoja wa masjala, Mzee Jumanne. Mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi na maneno makali. Alikuwa na tabia ya kusoma kila fomu kabla ya kuiweka kwenye rafu, jambo ambalo hakuna aliyemtuma kulifanya. Akikuta umeandika "namba haipatikani" anakurudishia: "Umepiga mara ngapi? Siku gani? Saa ngapi? Jumapili watu wako kanisani, siku ya mnada watu wako mnadani. Namba haipatikani, au wewe ndiye huna subira?" Wauguzi vijana walimkimbia. Mimi pia nilimkwepa, na nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Tabitha alikuja akisindikizwa na mume wake, Yona. Walitoka kijiji kimoja upande wa Nduguti, wakulima. Alikuwa mama wa watoto watatu, bado hajafika miaka arobaini, mwenye sauti ndogo na macho yasiyoogopa. Uvimbe ulikuwa titi la kushoto, mkubwa kama limau, ngozi bado nzima. Wakati ninamwandikisha aliniuliza kitu ambacho wagonjwa wachache huuliza: "Sista, na mimi nifanye nini huko nyumbani wakati nasubiri?"

Nikamjibu, "Usifanye kitu. Usikandwe, usichanjwe, usiende kwa mtu yeyote. Majibu yakitoka tutakupigia. Subiri simu yetu."

Hakuwa na simu. Aliniandikisha namba ya shemeji yake, Elia, mdogo wake Yona, aliyekuwa na mashine ya kukamua alizeti Iguguno barabarani. "Huyo hana shida," Tabitha alisema. "Kila Jumamosi anakuja kutuona."

Namba moja. Ya mtu mwingine. Nikaiandika, nikaridhika.

Majibu yalirudi. Ilikuwa saratani, ya aina ambayo vidonge vingesaidia sana baada ya upasuaji. Dokta Anjela, aliyekuwa anaongoza utafiti, akaandika juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu: aitwe haraka.

Nilipiga siku hiyo hiyo, alasiri. Kesho yake asubuhi fomu za robo mwaka zilikuwa zinatumwa na nilikuwa na rundo mezani. Elia alipokea akiwa kwenye mashine. Mnaijua ile mashine inavyonguruma. Nikapaza sauti: "Napiga kutoka hospitali! Ni kuhusu Tabitha! Majibu yametoka, aje!"

"Nani?"

"Tabitha! Mwambie aje hospitali!"

Kelele, mtandao ukakatika, ukarudi. Nikasikia: "Tabitha... amekataa... nyumbani..." Halafu simu ikafa.

Niliurudisha mkonga wa simu mahali pake. Sikupiga tena. Hapo ndipo pa kuangalia, wanangu. Sikupiga tena kwa sababu nilichosikia nilikuwa nimeshakitegemea. Wiki ile ile nilikuwa nimeandika wawili waliokataa kweli. Moyoni nikasema, haya, na huyu naye, mume wake kamgeuza. Nikavuta fomu, nikaweka alama kwenye kisanduku cha nne, nikatia sahihi, nikaendelea na rundo.

Mzee Jumanne alinirudishia kesho yake. "Nani kasema amekataa?"

"Shemeji yake."

"Shemeji yake ana titi?"

Nilikasirika. Nilimwambia aangalie rafu zake, mambo ya wagonjwa aniachie mimi. Akaichukua fomu bila kujibu, na nakala yake ikatumwa.

Kama ingeishia kwenye fomu, pengine ningekuwa nimemkosea mtu mmoja tu. Lakini orodha ya waliokataa ilitumwa pia kwenye zahanati za karibu na kwao, eti wahudumu wakawashawishi. Na mimi, miezi miwili baadaye, nilisimama kwenye semina mbele ya wahudumu wa afya wa vijiji nikatoa mfano. Jina sikulitaja, nilijiona mwangalifu. Nilisema, "Kuna mama mmoja huko wilayani Mkalama, majibu yametoka, saratani inayotibika, shemeji mtu mwenye mashine ya alizeti anatujibu kwamba amekataa. Familia ndizo zinazowaua hawa wanawake." Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Kumbe pale ukumbini kila aliyetoka upande ule alishajua ni nani. Kuficha jina siyo kumficha mtu, kwenye barabara yenye mashine zinazohesabika kwa vidole.

Ikapita miezi mingine. Dokta Anjela alikuwa ameanza kushangaa kwa nini kisanduku cha nne kimejaa kuliko vingine. Akauliza kwenye kikao kama kuna fomu za kukataa zilizothibitishwa kwa macho. Nikainamia daftari langu. Mzee Jumanne, ambaye hakuwa hata mjumbe wa kikao, aliyekuwa ameleta faili tu, akakohoa na kusema, "Ninayo moja ambayo sikuipenda tangu siku ilipokuja." Akaiweka mezani mbele yangu.

Nilikwenda. Basi mpaka Nduguti, halafu pikipiki. Nilijiandaa kumshawishi mtu mkaidi, njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika nilimkuta Yona anapukuchua mahindi uani. Akasimama, hakuonyesha furaha wala hasira. "Yuko ndani," akasema.

Harufu ilinipokea mlangoni. Wauguzi mtaijua, wengine siwezi kuwaeleza. Tabitha alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, kifuani amefunga kanga iliyolowa. Alikuwa amepungua mpaka mabega yamechongoka. Aliponitambua akajaribu kujiweka sawa.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mama. Pole."

"Asante." Akanitazama, na macho yake yalikuwa yale yale. "Kipimo kimetoka?"

Nilivuta mkoba karibu. Karatasi ya majibu ilikuwa ndani yake, imekunjwa, na kalamu nyekundu ya Dokta juu yake. Ilikuwa imekaa kwenye faili zaidi ya nusu mwaka.

"Hukuambiwa?" nikamuuliza.

"Na nani?"

Yona alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Uvimbe ulipoanza kupasuka nilimpeleka zahanati, kidonda kifungwe tu. Mhudumu alipoona jina akamwambia, wewe si ndiye uliyekataa matibabu? Umekuja kutafuta nini? Mbele ya watu."

"Nikasema sikukataa," Tabitha alisema taratibu. "Akanionyesha imeandikwa. Nikafikiri labda wakubwa mmeamua kunitoa, labda mmeona sifai kutibiwa. Nikarudi. Uliniambia nisiende kwa mtu, nisubiri simu. Sikwenda kwa mtu, sista. Hata mama mkwe alipoleta dawa za mizizi nilikataa. Hizo ndizo nilizozikataa."

Elia aliitwa, akaja jioni ile na nguo zake za mashine zinanuka mafuta. Nilimuuliza kuhusu ile simu. Aliikumbuka vizuri.

"Nilisikia mtu anauliza Tabitha. Nikafikiri ni mtu wa kwao anamjulia hali. Nikasema, Tabitha amekaa tu nyumbani. Simu ikakatika. Nilipiga ile namba kesho yake mara mbili, haikupokelewa."

Amekaa. Amekataa. Yona alinitazama, halafu akamtazama mdogo wake, na nikaona kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajamwamini ndugu yake mpaka dakika ile. Tangu semina yangu kijiji kizima kilikuwa kinasema Elia alimfungia shemeji yake njia, lakini kwamba majibu yametoka hakuna aliyewaambia.

Nilikisafisha kile kidonda. Nitawaachia ujuzi huo, maana mtauhitaji: maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yapoe yawe vuguvugu, mwagia, usisugue. Vidonge vya metronidazo vikisagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda vinapunguza harufu, na harufu ikipungua jirani anaingia ndani, na jirani akiingia mgonjwa anakula. Wakati unasafisha usikunje uso. Mgonjwa hatazami kidonda, anakutazama wewe.

Tulimleta hospitali. Saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu na uti wa mgongo. Dokta Anjela alikaa kitandani kwake akamweleza yote, majibu yalirudi lini, na kwamba kosa lilikuwa letu. Mimi nilisimama nyuma ya Dokta kama mtoto. Tabitha alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa mnaweza nini?" Dokta akasema, "Maumivu tunaweza." Na hilo tulilitimiza, kwa mofini ya maji, kijiko kwa saa zake. Mimi nilikuwa nampelekea. Hakuwahi kunilaumu kwa mdomo. Siku moja tu, nilipokuwa nampangia mito, alisema, "Sista, ile karatasi mtairekebisha? Mwanangu mkubwa anajua kusoma. Sitaki aje kukuta nimekataa kuishi."

Nikamwambia nitairekebisha. Alifariki wiki mbili baada ya kurudishwa kwao.

Sasa sikieni aibu yangu ya pili, ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa haraka. Hii niliifikiria.

Siku niliposikia msiba nilikwenda masjala wakati Mzee Jumanne ametoka kunywa chai. Nilitoa fomu, nikachukua dawa nyeupe ya kufutia, nikafuta alama ya kisanduku cha nne. Nilikusudia kuweka alama kwenye "hajulikani alipo". Nilijiambia kwamba ni kweli pia, si hatukumjua alipo? Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Niliona barua, niliona kamati ya maadili, niliona jina langu linatajwa na vijana. Napuliza ile dawa ikauke, kikohozi kikasikika nyuma yangu.

Hakupiga kelele, ndicho kilichoniumiza. Akavuta kiti akakaa.

"Sista, unajua kwa nini huwa nasoma fomu zenu?"

"Sijui, mzee."

"Dada yangu alikuwa na ugonjwa huu huu, kabla ya utafiti wenu, kabla ya chochote. Alipokufa nilitafuta faili lake hospitali aliyotibiwa. Lilikuwa na jina na kurasa tupu. Hata sijui alipewa dawa gani. Nikasema nikipata kazi ya faili..." Akachukua kisu kidogo cha kuchongea penseli, akakwangua ile dawa nyeupe polepole mpaka alama yangu ya zamani ikaonekana tena. Akanipa kalamu. "Faili halifutwi. Piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke. Pembeni andika ukweli, jina lako, tarehe. Basi."

Nikapiga mstari. Pembeni nikaandika: Mgonjwa hakukataa. Alikuwa anasubiri kuitwa. Mimi nilisikia vibaya kwa simu na sikuthibitisha. Nikatia sahihi. Mwandiko ulitoka mbaya, na mpaka leo upo kwenye faili.

Barua ilikuja kweli, nikaitwa mbele ya kamati, nikaonywa kwa maandishi. Sikufukuzwa. Dokta Anjela akasimamisha kila kitu akaamuru fomu zote za kisanduku cha nne zifuatiliwe nyumba kwa nyumba, na akanituma mimi. Sitawatajia hesabu. Nitasema tu kwamba kwenye nyumba nyingi nilikuta kaburi, na kwenye baadhi nilikuta mtu hai ambaye hakuwahi kukataa kitu: mmoja hakuambiwa, mwingine alikosa wa kumwachia watoto, mwingine alifika mapokezi akaambiwa arudi kesho akiwa hana pa kulala. Waliokataa kweli walikuwepo pia. Upande wa Ikungi kuna bibi aliniambia, "Mimi nimekataa kwa akili zangu, titi langu naondoka nalo. Andika vizuri, usije ukasema nilipotea." Nikamwandika vizuri, na nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Ninyi leo mna vishikwambi, na mgonjwa hasajiliwi bila namba tatu na jina la balozi wake wa nyumba kumi. Neno "amekataa" sasa halikubaliki bila mgonjwa kulisema mwenyewe mbele ya muuguzi. Mnalalamika kwamba ni usumbufu, nimewasikia. Mwanzo wa usumbufu huo ni Tabitha.

Karibu mwaka ulipita. Yona alinipigia mwenyewe. "Jumamosi tunaweka msalaba kaburini. Elia mpaka leo anakaa benchi la nyuma kanisani. Watu hawapeleki alizeti kwake. Mimi nimewaeleza, wanasema namtetea ndugu yangu. Utakuja useme?"

Dokta Anjela alinipa ruhusa, na Yona akatia sahihi kwamba familia imeridhia. Nilikwenda bila koti jeupe. Watu walikuwa wengi, simenti bado mbichi, msalaba umepakwa rangi. Mchungaji alipomaliza sala Yona akaniita mbele. Nilikuwa nimeandika maneno nikaacha kuyasoma. Nikasema jina langu. Nikasema Tabitha hakukataa matibabu, mume wake hakumzuia, shemeji yake alisema kweli, na aliyekosea ni mimi. Nikasema hata kwenye semina nilimsema Elia vibaya, na waliokuwepo semina ile wanajua.

Nikamtafuta Elia kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika.

Mama mzazi wa Tabitha alikuwa kwenye mkeka mbele, mwanamke mzee wa Kinyiramba anayeongea Kiswahili kidogo kidogo. Akanyanyua uso.

"Angekuja siku ile, angepona?"

Wanangu, jibu la kitabu nilikuwa nalo. Inategemea hatua ya ugonjwa, inategemea mwili. Yote ni kweli. Nikasema, "Mama, sijui. Nafasi alikuwa nayo. Ilipotelea mikononi mwangu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa anajua unakuja. "Umefanya vizuri kuja," akasema. "Lakini usinipe mkono. Leo siwezi."

Nilirudisha mkono wangu, uliokuwa umeshanyooka nusu. Watu wakaanza kumwendea Elia, mmoja, halafu wengine, bila maneno mengi. Mimi nilimsalimu mchungaji nikaelekea ilipo pikipiki, na mtoto mkubwa wa Tabitha, yule anayejua kusoma, akanifuata mpaka barabarani. Akaniuliza kama ni kweli karatasi ile imeandikwa upya.

"Haijaandikwa upya," nikamwambia. "Kosa linaonekana, na ukweli uko pembeni yake. Ukija mjini utaonyeshwa."

Alikuja, wakati wa likizo, peke yake. Mzee Jumanne alimwekea kiti karibu na dirisha ambako kuna mwanga, akampa faili. Alisoma ukurasa ule kwa kidole, neno kwa neno, akalifunga, akasema asante, akaenda kupanda basi.